Ala, Bama

Mimi mtu akiulizwa swali akanyamaza hunikera, na ndiyo maana siku za kwanza Kogo Tapkigen, kogo ni nyanya kwa Kinandi, alinichosha roho. Nilikuwa nimepewa kazi ya kukaa naye mchana huko Temple Hills, Amerika, wakati binti yake Jeptoo yuko kazini Sterling, kwenye yale majengo makubwa ya kompyuta yasiyo na madirisha. Ukimwuliza Kogo kama ameshiba, kimya. Ukimwuliza kama anasikia baridi, anageukia dirisha. Chini ya dirisha kulikuwa na maegesho, na kila gari lililoingia alilitazama mpaka mwenyewe ashuke aonekane uso, ndipo arudie kufuma sweta lake.

"Mama yako anangoja nani?" nikamwuliza Jeptoo siku moja.

"Babake," akasema, akavua viatu.

Nikadhani nimesikia vibaya. Kogo mwenyewe alikuwa amepita miaka themanini.

Wala usifikiri alikuwa amechanganyikiwa. Akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu, na dawa zake alizijua kwa rangi, hata nikikosea anaurudisha mkono wangu. Ni kwamba alikuwa na jambo moja tu maishani, na jambo hilo hakulimwaga ovyo. Mimi nililipata kidogo kidogo, asubuhi nikimpaka mafuta miguuni.

Babake aliitwa Kiprotich. Kwa Wanandi hilo ni jina la mtoto aliyezaliwa jioni, ng'ombe wanaporudi nyumbani. Wakati wa Vita vya Pili chifu alipita akitafuta vijana wenye nguvu waingie Keya, jeshi la Mwingereza la watu weusi. Aliwaambia kuna mtu mmoja anaitwa Hitila anataka kuichukua dunia yote. Inasemekana Kiprotich aliuliza huyo Hitila ni wa ukoo gani, watu wakacheka, kisha akaondoka nao. Walimfundisha bunduki, na walipomaliza kumfundisha, Hitila akawa hatajwi tena. Walimtia melini wakampeleka kupigana na Mjapani, ambaye hakuwahi kumwibia hata mbuzi, katika nchi ya milima na mvua iitwayo Burma, wao wakasema Bama. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Sawa. Lakini nyasi hizi zilipandishwa meli zikafuatishwa fahali mpaka ng'ambo ya bahari, na hilo mimi likinijia hukasirika mpaka leo.

Aliacha mke mwenye mimba. Mtoto alipozaliwa wakampa jina la Tapkigen, jina ambalo kwao lina kungoja ndani yake.

Vita vikaisha. Wenzake wakarudi na makoti marefu ya jeshi, mmoja bila mkono, wengine hawataki kuongea. Kiprotich hakurudi. Baadaye mtu wa chifu akaja mpaka mlangoni akasema kwa Kiswahili, neno moja: "Amepotea." Labda Mwingereza alikuwa amesema jambo refu zaidi kwa lugha yake. Labda alikuwa na maana kwamba maiti haikuonekana. Lakini lililofika nyumbani ni hilo, amepotea, na kwa wafugaji kilichopotea hutafutwa, na usiku mwingine hujirudia chenyewe. Basi mke wake akakataa kunyolewa nywele za ujane. Akakataa kurithiwa na shemeji. Lango la boma hakulifunga kwa miiba, na fisi walimla ndama kwa sababu hiyo, na bado hakulifunga.

Sasa sikiliza jambo la majina, maana ndilo lililoleta vita katika nyumba ya Jeptoo. Kwao mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa wakamtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Jina atakalolipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Lakini hutajwa wafu tu. Ukimtaja aliye hai juu ya mtoto, umemuua kwa mdomo wako. Mimi ni Mkikuyu, kwetu mtoto hupewa jina la nyanyake na nyanya mwenyewe amekaa hapo anakunywa chai. Nilimweleza Kogo hivyo, akanitazama kwa huruma nyingi.

Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila mtoto alipozaliwa, Kiprotich alirukwa. Mama yake Kogo alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia, "Msimwite kabla hajarudi." Kogo akazaa, akapata wajukuu, akataja wajomba na mababu na shangazi wa kila aina, na jina la babake mzazi hakulitia kinywani.

Jeptoo hakumleta Amerika kutembea. Alimleta kwa sababu binti yake Abigail alikuwa na mimba, na Kogo ndiye mzee wa mwisho aliyewajua wafu wote kwa majina.

"Mama, huyu ndiye wa mwisho utakayemtajia," Jeptoo alimwambia mezani, nami nipo. "Ukienda wewe, hakuna atakayemkumbuka babu. Mtaje, tafadhali. Apumzike."

Kogo akaondoa sahani yake, akaenda dirishani.

Ndipo akatokea Bwana Haskins. Huyu ni mzee Mwamerika mweusi wa ghorofa ya chini, mtu wa kofia, mstaafu, anayesalimia mpaka miti. Siku hiyo alitubebea mfuko wa unga mpaka juu. Kogo akaniambia nimwulize kwao ni wapi. Bwana Haskins akatoa kifua akasema yeye ni mtu wa 'Bama. Wenyeji wa Alabama ndivyo wanavyolikata jina la jimbo lao.

Kogo akashika ukuta. "Amesema Bama?"

"Bama, ndiyo," nikasema, wala sikuwaza lolote. Mimi Bama ninayoijua ni ile ya Nairobi, sokoni, penye nyama.

Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Amevaa koti la Jeptoo na viatu vya kanisani, ameshika kibuyu kidogo cha maziwa alichotoka nacho nyumbani, kitupu.

"Shiku, nipelekeni Bama."

"Kogo, Bama gani?"

"Ya yule mzee. Kumbe iko hapa hapa na hamkuniambia." Alisema bila hasira. "Nitauliza mimi mwenyewe. Kama alikufa, nitamtaja kwa mtoto. Kama yuko, aniambie kwa nini hakurudi. Simtaji mtu kwa kubahatisha."

Nikamwambia mtu huyo sasa angekuwa amepita miaka mia moja. Akanijibu watu wa kwao huishi miaka mingi. Nikatamani kucheka na nikatamani kulia, nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni nilimweleza Jeptoo. Alikaa kitandani na kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia shingoni. "Alabama ni ku-drive siku nzima, Shiku, na nikifika nitamwonyesha nini? Petrol station?" Akakivua kile kitambulisho. "Kuna ile memorial ya World War Two huko Mall, ule uwanja wa kumbukumbu mjini. Wameandika majina ya states zote kwa mawe. Tumpeleke aone Alabama, aongee na babake, arudi ametulia."

"Utamdanganya mama yako?"

"Basi mwambie ukweli wewe. Wewe si ndiye mwenye mdomo?"

Mdomo ninao, lakini siku hiyo haukufunguka.

Tukaenda Jumapili baada ya ibada, Jeptoo, Kogo na mimi. Mahali penyewe ni pazuri, hilo siwezi kukataa. Kuna dimbwi kubwa la maji yanayoruka, na nguzo za mawe zimelizunguka, kila moja ina shada la shaba na jina la jimbo. Watalii walikuwa wanapiga picha. Tulimsukuma Kogo kwenye kiti cha magurudumu, kibuyu mapajani. Alikuwa amejifunza kusoma kwa katekisimu, kwa hiyo husoma silabi kwa silabi, na kila nguzo alitaka aisome.

Mbele ya ile tuliyokuwa tunaitafuta Jeptoo akasimamisha kiti, akanitazama, akatazama chini.

Kogo akainua kidole. "A. La." Akapumua. "Ba. Ma." Kisha akashtuka kwa mwili mzima. "Ala! Bama!"

Nikwambie, jiwe lenyewe lilikuwa limeshangaa pamoja naye. Alijiinua kwenye kiti, nasi tukamshika huku na huku, akaenda akaweka kiganja kwenye lile jiwe. Akaongea Kinandi kwa sauti ndogo. Sikuelewa, ila mara kwa mara nilisikia neno "papa", yaani baba, na kila akilisema anainamisha sikio. Anangoja ajibiwe. Alisema tena, akainama tena. Mtoto wa watalii alisimama kumwangalia mpaka mamake akamvuta.

Hapo Jeptoo akashindwa. Alianza kulia waziwazi, midomo wazi, kama mtu aliyechomwa.

"Mama, siyo hapa. Nisamehe. Hii ni Alabama, ni jimbo la hapa Amerika. Bama ya babu iko mbali sana, upande mwingine wa dunia. Yule mzee ni wa huku. Siyo hapa, Mama."

Kogo hakuondoa mkono upesi. Alilipapasa jiwe mara moja zaidi, kisha akaruhusu tumrudishe kwenye kiti. Sikuwahi kuona uso ukizeeka mbele yangu hivyo. Nilimchukia Jeptoo, na Bwana Haskins, na chifu, na Mwingereza, na Hitila, nikajijumlisha na mimi mwenyewe.

Kutoka pale tulipita kwenye ukuta wa nyota. Ni nyota za dhahabu, nyingi, zimejaa ukuta mzima. Kogo akauliza ni za nini.

"Ni za waliokufa vitani," Jeptoo akasema. "Kila nyota ni watu mia moja na zaidi."

"Ya watu wetu ni ipi?"

"Hizi ni za Wamarekani, Mama."

Kogo akazitazama kwa muda. "Mama zao waliambiwa nini? Kwamba wamepotea, au wamekufa?"

"Wengi waliambiwa wamekufa."

"Waliambiwa hivyo hivyo? Wamekufa?"

"Hivyo hivyo."

"Basi walitendewa wema," akasema. Tangu siku hiyo dirishani hakukaa tena. Kiti chake alikigeuza, kikawa kinatazama ukuta.

Mtoto alizaliwa wiki ile ile, mvulana, mweusi, mwenye hasira. Siku waliyotoka hospitali tulikusanyika sebuleni kwa Jeptoo alasiri, sisi wanawake, na Sebastian mume wa Abigail kando ya mlango. Sebastian ni Mtanzania, na alipoelezwa desturi alisema kwa adabu, "Mama, sisi kwetu hatuna hilo. Mwiteni mnayemtaka, ila asiwe mlevi." Kogo akaomba ugoro kidogo wa kumnusisha mtoto, ndivyo inavyofanywa. Abigail Kiswahili anakielewa chote, na jibu lake lilitoka kwa Kiingereza: "Grandma, no. No tobacco near my baby." Kogo hakubishana. Akampokea mtoto bila ugoro.

Akaanza. Alimtajia mjomba mmoja. Mtoto akapiga miayo. Akamtajia babu wa babu, akamtajia shangazi aliyekufa kwa homa, akamtajia mtu mmoja aliyeuawa na radi. Mtoto amelala. Jeptoo alikuwa amekaa sakafuni miguuni pa mamake, na niliona anavyohesabu pumzi. Majina yakapungua. Kogo akafika mwisho wa anaowajua, akafunga kinywa.

Tulikaa hivyo. Hakuna aliyemsukuma.

Kisha Kogo akamsogeza mtoto karibu na uso wake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeita mtu wa nyumbani aje ale, "Kiprotich."

Mtoto akapiga chafya.

"Afya!" nikasema, mdomo wangu huu, kwa mazoea. Jeptoo akarusha mikono akapiga kigelegele, Sebastian akapiga makofi. Lakini Kogo alimtia mtoto mikononi mwa Abigail taratibu, akafungua kitambaa chake cha kichwa, nywele nyeupe zikaanguka, akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha furaha, usije ukadanganywa na mtu. Kilikuwa kilio cha msiba, kile cha siku habari inapofika nyumbani, cha mtu kujipiga kifua na kumwita aliyekwenda. "Papa! Papa!" Kigelegele cha Jeptoo kikakatika katikati, akamkumbatia mamake magoti, na yeye akalia vile vile. Mimi nilijiunga. Wala sikumjua huyo mtu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Haskins, kofia kichwani, uso una wasiwasi. Alikuwa amesikia kilio akiwa chini. Jeptoo akaenda kumfungulia na machozi yake.

Akauliza ni nani amekufa.

"Babu yangu," Jeptoo akamjibu.

Bwana Haskins akavua kofia. Akauliza amekufa lini.

Jeptoo akageuka kumtazama mamake pale kitini. "Sasa hivi," akasema.