Nafasi ya Salomon

Shemeji yangu Rurangwa hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Hunywa nusu, akasimama, akaenda dirishani, na akirudi chai imepoa, akamlaumu dada yangu Emérence kwa kuimimina mapema. Mimi Kostansia nimeishi nao tangu nifike Amerika. Nawaambia, huyu mtu ana siafu miguuni.

Kitu kimoja tu kilimtuliza: treni. Baba yake alikuwa fundi wa reli kule nyumbani Kalemie. Kwa hiyo Rurangwa alipoletwa Buffalo kutoka kambi ya wakimbizi, akapewa nyumba mtaa wa Lower West Side, hakuulizia duka wala kanisa. Aliulizia yadi ya reli iko wapi. Kampuni ya reli ikamchukua awe fundi wa mabehewa, wa kukagua breki, mabomba ya hewa na magurudumu. Alirudi na grisi hadi masikioni, akatuhadithia habari za Kampuni kana kwamba aliiasisi babu yake.

Na kweli ilikuwa kampuni. Zamani ilibeba makaa, ngano, chuma, barua na abiria wasiohesabika, Buffalo hadi Columbus hadi Louisville, na watu walikula kwenye meza zenye vitambaa vyeupe huku treni inakimbia. Halafu zikaja barabara kubwa na malori. Ndege zikachukua abiria, viwanda vya chuma vikazimwa. Kampuni ikameza kampuni nyingine ili isife, ikang'oa reli, ikauza stesheni. Treni zilizobaki zikawa ndefu, mkia huuoni, na watu wa kuzihudumia wakapungua kila mwaka. Rurangwa aliikuta imeshazeeka, lakini ukipenda, chongo huita kengeza.

Kanisani kwetu Buffalo palikuwa na kijana, Salomon, na mchumba wake Précieuse. Rurangwa na dada walikuwa parrain na marraine wao, yaani wasimamizi wa ndoa. Kwetu hilo si jambo la kupiga picha tu. Parrain ndiye anayeitwa mume na mke wakigombana, na nyumba ile ataichunga isibomoke mpaka siku atakayozikwa. Rurangwa akaona nyumba haisimami bila kazi. Akampeleka Salomon relini, akamfundisha mwenyewe. Baadaye Salomon akahamia yadi ya Louisville.

Yadi ya Buffalo ilipopunguzwa watu, Rurangwa akapata nafasi karakana ya Columbus, akatuhamishia sote huko, tukapanga mtaa wa Whitehall. Watoto wa dada walililia shule yao. Yeye alikuwa ameshapakia gari kabla dada hajakubali. Mwaka jana karakana ya Columbus nayo ikafungwa.

Relini kuna sheria: aliyeajiriwa mwanzo ndiye anayebaki. Nafasi yako ikifutwa, unaruhusiwa kuchukua ya mtu aliyeingia baada yako, yeye ndiye atoke. Rurangwa alitafuta kila mahali. Nafasi aliyoweza kuipata ilikuwa moja tu, iko Louisville, na aliyeikalia ni Salomon. Asipoichukua kabla ya wiki kwisha, reli ndiyo basi.

"Ichukue," nikamwambia. Dada akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Rurangwa alizunguka maegesho ya magari mpaka jirani akamuuliza kama amepoteza funguo.

Kwetu habari mbaya, kama ya kumtoa mtu kazini, haipelekwi kwa simu. Jumamosi dada alikuwa kazini, anatunza wazee, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwendesha Rurangwa hadi Louisville. Njia nzima alifungua dirisha, akafunga, akafungua tena.

"Shemeji, ukifika sema mara moja."

"Acha nisemezane na roho yangu kwanza."

Salomon na Précieuse wanakaa mtaa wa South End, katika nyumba ya mbao waliyoinunua juzijuzi. Précieuse alikuwa mjamzito. Kusikia parrain anakuja, alidhani tunakuja kubariki nyumba, maana walikuwa wamemwomba siku nyingi. Akapika fufu, sombe ya majani ya muhogo na samaki, akatandika kitambaa kipya.

"Bon, parrain, tulikuwa tunakungojea tu wewe," akasema kwa furaha.

Rurangwa alikula tonge mbili akasimama, akaenda kukagua bomba la jikoni. Akarudi, akasimama tena, akaenda kuangalia dari. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Wapi!

Salomon ndiye aliyesema. "Parrain, miye najua kile kimekuleta. Ku kazi bamesha kuniambia. Kamata ile nafasi. Njo wewe ulinipeleka relini, mi nitatafuta ingine."

Précieuse alikuwa hajui lolote. Mkono wenye tonge ulisimama hewani, akamtazama mumewe, kisha akamtazama parrain wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Rurangwa akainuka. Nikajua sasa anatoka nje. Badala yake akamwekea Salomon mkono kichwani, akaanza kuibariki nyumba: mlango, dari, jiko, mtoto aliye tumboni. Aliomba kwa muda mrefu, na muda wote hakutikisa hata unyayo. Alipomaliza akasema, "Kazi yako ni yako. Tuende, Kostansia."

Garini nilimtolea maneno yote niliyokuwa nayo. "Umekula sombe, ukatema kazi!" Wiki ikaisha, naye akaingia ghala moja hapa Columbus, anasukuma maboksi. Treni ikipiga honi huko nje anasimama kusikiliza, msimamizi anamfokea.

Mtoto wa Précieuse hajaanza kutambaa, yadi ya Louisville nayo ikafungwa. Salomon akapiga simu: kazi imekwisha, na nyumba hawataiweza. Dada, aliyenyamaza miezi yote hiyo, akalipuka.

"Donc ulitupa kazi yako bure! Juu ya miezi kidogo tu!"

Rurangwa alikuwa amekaa, kikombe mkononi.

"Hapana bure," akasema. "Bamemufukuza. Mais si miye nilimufukuza."

Kisha akaiomba simu. "Salomon, mukuye hapa na mutoto. Chumba iko."

Chumba chenyewe ni changu mimi. Nilinuna mpaka jioni, halafu nikaanza kutoa nguo zangu kabatini.