Sauti Iliyobaki Kwenye Diski ya Harusi

Mwanangu aliniambia diski haijafa, imeharibika tu. Ni kile kisanduku cheusi chenye waya alichohifadhia video za harusi yake, nami nilikuwa nimekiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Kila alipokichomeka, kompyuta ilimuuliza kama ikifute ianze upya. Akawa anakataa. "Nikikubali tu, mama, ndiyo basi tena."

Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama wa marehemu, mkwe mwenzangu, alitoka Kiwangwa na mananasi kwenye kikapu, akaja kukaa sebuleni kwangu kusubiri.

"Sura yake ninayo," alisema. "Sauti ndiyo imeanza kunipotea."

Kompyuta ikaisoma ile diski tangu asubuhi mpaka tumeshaswali adhuhuri, ikiokoa faili mojamoja. Mengi yalitoka yamekatika. Na yote yalikuwa yamepoteza majina, yana namba tu, ikabidi tuyafungue ndipo tujue kuna nini. Hapo nikaanza kujiona. Shule sikufika mbali, lakini jina la mtu halinitoki. Mwanangu anafungua, mimi nataja: huyu binti fulani, yule mpishi, yule kaja na mume wake wa pili.

Mkwe mwenzangu akacheka. "Wee mwanamke! Ungewekwa mlangoni siku ile, asiyealikwa asingeonja pilau!"

Likafunguka faili la chumba cha bibi harusi. Picha iliganda kwenye miguu yake yenye hina, sauti ikaendelea. Ilikuwa sauti yangu.

"Wale wa shamba wapakulieni uani. Mikeka ya ndani msiwape, watatujazia matope."

Wanawake wakaangua kicheko. Ndani ya kicheko kile akasikika yeye, taratibu, wala hakukasirika: "Na mama yangu, mama? Mama yangu naomba ale huku, karibu nami."

Ikakatika.

Mwanangu akainamia vidole vyake. Mkwe mwenzangu alikuwa amekaa juu ya mmojawapo wa mikeka ile ile. Nikajivutia kanga usoni. Kumbe mtoto yule alinisikia. Akaishi nami miaka yote, shikamoo kila asubuhi, akanikanda mguu ulipovimba, na neno lile hakunirudishia hata siku moja.

"Hapo mwanzo naweza kukata," mwanangu alisema, bila kumtazama yeyote.

"Kuna pengine anaposikika?" mkwe mwenzangu akauliza.

Tukafungua yaliyobaki yote. Kwingine ngoma ilimfunika, kwingine picha inacheza bila sauti. Mwanangu akatikisa kichwa.

"Basi usikate," mkwe mwenzangu akamwambia. "Mwanangu anaanza kusema watu wangali wanacheka. Ukikata pale, utamkata na yeye."

Nilimwambia anisamehe. Maneno yalinitoka hafifu, hata sijui kama yalimfika. Akaikunjua kanga yake magotini.

"Siku ile nilikula ndani," akasema. "Nikarudi Kiwangwa nikawaambia watu, yule mama wa Bagamoyo ana heshima, kaniita mwenyewe nikakaa na mwanangu. Nilidhani ni wewe."

Nilimkatia nanasi.

Kabla ya kuondoka aliomba awekewe faili lile kwenye simu yake, zima kama lilivyo. Sasa kila akitaka kumsikia mwanawe, huanza kunisikia mimi.