Kushika Tama Kituoni Hagsätra

Naichukia ile picha. Nalisema hili mapema, kwa sababu najijua: nikilifikiria jambo kwa muda mrefu, hasira hunitoka na nabaki na maswali matupu. Hasira hii siitaki initoke.

Picha yenyewe ni hii. Kijana mweusi amekaa peke yake kwenye benchi la kituo cha treni cha Hagsätra, kusini mwa Stockholm, pale njia inapoishia. Nyuma yake theluji tupu. Koti limemzidi. Kiganja cha kushoto kimeshika shavu, macho yanatazama chini mahali pasipo na kitu, na miguu imekatwa na ukingo wa picha kwenye magoti, kana kwamba hakwenda pale kwa miguu yake. Kijana huyo ni mimi.

Waliojifunza mambo ya picha wanasema si picha nzuri tu, ni picha kubwa. Mara ya kwanza niliposikia neno hilo kwa Kiswidi nilidhani wanazungumzia vipimo. Sikukosea sana. Baadaye niliikuta imetundikwa ukutani ikiwa na ukubwa wa mlango.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka juzi. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya uchumi na sijui nifanye nini nayo. Asubuhi naamua kurudi nyumbani Tanga, nikishakunywa chai naamua kubaki, nikivaa viatu naanza upya. Siku hiyo, hata hivyo, sikuwa nikiwaza nyumbani wala ugenini. Nilikuwa nimetoka kuzibwa gego. Nilishuka treni, sindano ya ganzi ikaanza kuisha, nikakaa kwenye benchi nikashika shavu. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: je, daktari ameziba jino lenyewe, au ameziba la jirani? Maana maumivu yalikuwa palepale. Nililipapasa kwa ulimi, lakini ulimi wenyewe ulikuwa umekufa ganzi, sasa ushahidi wake utauamini vipi?

Nilipoinua macho nikamwona mtu mwenye ndevu nyekundu akija kutoka ng'ambo ya jukwaa, kamera yenye mdomo mrefu ikimning'inia kifuani. Nilimfahamu kwa sura, tuliishi mtaa mmoja. Alikuwa mtu wa kaskazini ya mbali ya Uswidi, akifundisha upigaji picha jioni.

"Nimekupiga picha," akasema. "Utaniruhusu niitumie?"

Nilitaka kumwambia aniondokee, lakini mdomo haukufunguka. Basi nikamsonya. Nilimsonya kwa nguvu zangu zote, msonyo wa kumtoa mtu barazani. Lakini midomo ilikuwa ya mbao, haikubana. Badala ya msonyo, kikatoka kitu kama mtu anayevuta hewa ndani kwa haraka: *shhp*.

Akatabasamu, akanishika bega, akaniambia ahsante sana, akaenda zake.

Sikuelewa. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akisomea uuguzi na kuishi Spånga upande wa pili wa jiji, ndiye aliyenieleza nilipomsimulia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Kaka, watu wa kaskazini ndivyo wanavyosema ndiyo! Wanavuta hewa. Wodini kwetu nina bibi mmoja, nikimuuliza kama amekunywa dawa, *shhp*. Siku ya kwanza nilidhani anakata roho, nikakimbia kumwita daktari."

"Mimi nilimsonya."

"Ulimsonya kwa Kiswidi. Umekubali."

Kama mambo yangeishia hapo, ningecheka nami. Lakini picha ilitoka katika jarida moja, ukurasa mzima, chini yake neno moja: *Upweke*. Na katika nyumba moja ya Sundbyberg aliishi Mtanzania mwenzetu, mtu mzima, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, ambaye kwake tulikuwa tukikutana Jumapili, sisi na Wakenya na Waganda, kula ubwabwa na kubishana. Alikuwa mtu mwema. Siku moja akanipigia simu, sauti inaruka.

"Bwana mkubwa! Umetoka gazetini! Ukurasa mzima, wewe peke yako, hata waziri mkuu hajapewa!"

"Nimeiona. Itupe."

"Niitupe? Nimeshaikata nimeituma kwa mama yako. Kuna bwana alikuwa anasafiri, nikampa aifikishe mpaka Tanga, mkononi mwake. Mama leo atatembea kifua mbele."

Msomaji aliyelelewa kwetu ameshanielewa. Mtoto wa kwetu akikaa na kiganja shavuni, hafiki mwisho wa pumzi ya pili kabla hajapigwa mkono: "Toa tama! Nani amekufa?" Hushiki tama kwa kufikiri. Hushiki tama kwa uchovu. Anayeshika tama amefiwa, au anawaitia wenziwe msiba. Mama yangu amenichapa kofi la mkono kwa ajili hiyo mara nisizoweza kuzihesabu. Na sasa mtu amempelekea tama yangu, imepigwa chapa kwenye karatasi inayong'aa, bila neno moja analoweza kulisoma.

Nilimwambia yule ndugu.

"Lo. Mimi sikuutazama mkono. Niliona gazeti tu."

Jibu lilikuja katika kaseti. Mama hajui kuandika, na kaseti ndiyo ilikuwa barua yake. Aliileta kijana mmoja aliyekuja mafunzo ya umeme, pamoja na kifurushi chenye doti ya kanga. Tukaisikiliza chumbani kwa mdogo wangu Spånga, yeye akiwa amekaa kitandani na sare yake ya kazi, mimi nimesimama.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mama, na nyuma yake kuku, na mtu anatwanga. "Picha yako nimeiona. Usinifiche. Mimi ni mtu mzima, nimezika wengi. Mdogo wako yuko wapi? Mbona umekaa peke yako umeshika tama? Kama amekufa niambie. Majirani wanakuja, hawasemi kitu, wanakaa tu. Nimetandika mkeka kwa sababu watu wanakuja, siyo kwa sababu nimekubali. Kanga hizi ni zake. Kama yupo, nataka nimwone amezivaa. Nimwone mzima, na miguu yake."

Mdogo wangu alikuwa ameanza kucheka mama aliposema "umeshika tama". Sauti ilipofika kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kanga.

"Mama ananililia," akasema. "Nipo hapa nakula mkate wa siagi, na mama ananililia."

Nikasema tupige simu ya maandishi, leo hii.

"Simu? Kaka, una akili kweli? Simu kwetu inaleta nini zaidi ya maiti? Akimwona tarishi tu mlangoni ataanguka kabla haijafunguliwa."

Alisema kweli. Nikaanza kufikiria njia nyingine, na njia ya kuhakikisha njia hiyo, na nini kitatokea kama kijana wa kuipeleka atachelewa, mpaka mdogo wangu akanipigia kelele. "Basi! Amesema anataka kuniona. Tafuta mtu mwenye kamera."

Mwenye kamera nilijua alipo. Maonyesho yake yalikuwa yamefunguliwa katika ukumbi mdogo wa maktaba, na nilienda huko nikiwa nimefunga ngumi mifukoni tangu ndani ya treni.

Ndipo nilipojiona nina ukubwa wa mlango. Watu walisimama mbele yangu na glasi mikononi, wakiinamisha vichwa upande mmoja. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu anaweza kuliona bara zima katika yale macho. Nikaenda nikasimama kando ya picha, bega kwa bega nayo. Nilisimama makusudi, na koti ni lilelile. Nikangoja mtu ashtuke. Nikangoja sana. Mwishowe yule mwanamke akanigusa kiwiko kwa adabu kubwa, akaniomba nisogee kidogo kwa sababu nilikuwa namzuia kuona.

Nilisogea. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo kuliko yote, kwamba nilisogea.

Mpiga picha aliniona, akaja kwa furaha, mikono wazi. Nikamwambia aishushe.

"Kwa nini? Ndiyo picha kubwa pekee niliyowahi kupiga. Nyingine zote hizi ni nzuri tu." Akazionyesha kwa mkono, bila huruma, picha zake mwenyewe: farasi, vikongwe, boti. "Picha nzuri inaonyesha kilichokuwapo. Picha kubwa inaonyesha kisichoonekana."

"Kisichoonekana ni gego," nikasema.

"Samahani?"

"Jino! Nilikuwa naumwa jino! Nilikuwa nimetoka kuzibwa jino, na ganzi ilikuwa inaisha!"

Alifikiri, kwa uaminifu kabisa, akatikisa kichwa. "Huenda wewe ulikuwa unawaza jino. Picha haiwazi jino."

Ningempiga. Sijawahi kumpiga mtu, lakini pale nilipanga hata mkono nitakaoutumia. Kilichonizuia si ustaarabu. Nilikuwa nimegeuka kuitazama tena ile picha ili nimwonyeshe uongo wake uko wapi, na sikuweza kuuonyesha. Theluji ilikuwa theluji. Koti lilikuwa limenizidi kweli. Yule kijana ukutani alionekana kama mtu asiyejua aende wapi, na mimi, tangu nipate ile shahada, sikujua niende wapi. Kama ingekuwa picha mbaya ningeisamehe. Lakini mtu ambaye hajawahi kuniuliza hata jina langu aliipataje, na kwa nini awauzie wenye glasi za divai kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakubali kukiona?

"Uliniruhusu," akasema, na akavuta hewa: *shhp*. "Hivi."

"Ule ulikuwa msonyo!"

Neno lenyewe nililisema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswidi hakina, na watu wakageuka. Nikamweleza msonyo ni nini. Nikamweleza tama ni nini. Nikamweleza mkeka uliotandikwa Tanga kwa ajili ya binti aliye hai. Hapo ndipo alipopauka. Hakuishusha picha, alisema haiko mikononi mwake tena, na sikumwamini na simwamini. Lakini alisema, "Nifanye nini?"

"Utakuja Spånga. Utatupiga picha, mimi na mdogo wangu. Utapiga ninavyosema mimi."

Alikuja siku ya pili. Mdogo wangu alitoka nje ya jengo amejifunga kanga moja juu ya koti la baridi, na ya pili amejitanda kichwani, chini mabuti ya theluji. Alionekana kama kifurushi kilichopotea posta. Nilimwambia hivyo.

"Wewe nyamaza, mfiwa," akanijibu. "Na huyo mwambie viatu vionekane. Mama anataka miguu."

Mpiga picha alijaribu. Alirudi nyuma, akaja mbele, akaomba tusitazame kamera, tuzungumze tu kama vile hayupo.

"Anasemaje?" akauliza mdogo wangu, ingawa Kiswidi alikijua kunishinda.

"Anasema tujifanye hayupo."

"Mama amtazame nani sasa, ukuta? Mwambie apige kabla sijaganda nikawa maiti kweli."

Tukasimama sambamba, wima, mikono imenyooka ubavuni kama askari wa gwaride, tukaikodolea kamera macho. Mpiga picha akapiga magoti katika theluji ili viatu viingie. Mdogo wangu akanitia kidole ubavuni, mimi nikajikaza. Ikapigwa.

Siku chache baadaye aliniletea nakala mwenyewe mlangoni. Aliitazama kwa mara ya mwisho kabla hajanipa, akasema kwa upole, "*Trevlig*." Ndilo neno lao kwa chakula cha jioni kilichopita bila ugomvi. Yaani picha nzuri tu.

Nikamjibu kwamba mimi sijaona picha kubwa kuliko hiyo. Nilisema kwa hasira, na bado nasema. Wanaojua waniambie makosa yake: tumebanana katikati, mwanga umetupiga usoni, mimi nimekunja uso kama mdaiwa. Nayakubali yote. Ile nyingine imewafanya watu waliokwisha kula vizuri wahuzunike kidogo kabla ya kurudi makwao. Hii ilipewa kazi ya kuukunja mkeka.

Tuliituma pamoja na kaseti, ambamo mdogo wangu alieleza habari yote, ya jino na ya msonyo, akiigiza sauti zetu sote. Nilikaa nikihesabu vituo vya njiani kichwani, nikifikiria ndege iliyochelewa, basi lililoharibika, kifurushi kilichosahaulika chini ya kiti cha mtu.

Kisha kaseti ya pili ikafika. Tukaisikiliza palepale Spånga. Kwanza ilikuwa vicheko vya wanawake wengi, maneno hayasikiki. Kisha mama.

"Nimewaona. Alhamdulillahi. Mwanangu wa kike, umenenepa, na hivyo viatu ni vya nani, vya polisi? Majirani nimewafukuza. Picha nimeitia kioo." Tukasikia kuku. "Na wewe, mwanangu. Hiyo ya tama nimeiweka ndani ya sanduku, siitundiki, wala siitupi. Nimeiangalia tena baada ya kusikia habari. Jino gani? La juu au la chini? Bado linauma?"

Mdogo wangu alisimamisha kaseti akanitazama, maana nilikuwa nimesimama kama mara ile, na sasa nimekaa. Alibonyeza kitufe cha kurekodi akanisogezea kinasa sauti mdomoni.

"Mjibu mama."

"La chini," nikasema. "Kushoto. Linauma bado, mama. Nadhani waliziba la jirani."