Sentensi Mbili Nilizozibadilisha Izigo

Nilirudi nyumbani Izigo, Uhayani, kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili nikidhani sehemu ngumu ya masomo nimekwisha kuivuka. Nilikuwa nimekaa ng'ambo miaka miwili nikisomea lugha na jamii ya Wachina, nikikariri herufi mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Toni za Kichina hazikunitesa kama zilivyowatesa wenzangu, kwa sababu Kihaya nacho hupandisha na kushusha sauti, na ukikosea umesema neno jingine. Kilichonitisha ni kurudi kufanya utafiti kwa watu wanaonijua.

Tasnifu ilihusu wakalimani wa kwenye ujenzi, wale wanaosimama kati ya wasimamizi wa Kichina na vibarua wetu. Nilitaka kujua maneno gani hupotea njiani. Mwalimu aliyenisimamia, mama wa makamo asiyetabasamu hovyo, aliniambia kabla sijaondoka: "Usikalimani wewe. Kaa pembeni, rekodi, sikiliza."

Nilikaa pembeni wiki tatu.

Barabara ya kwetu ilikuwa inapanuliwa, na mtaro wake ulipangwa kukata pembe ya kibanja chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, pale alipozikwa babu. Uhayani mtu huzikwa ndani ya migomba yake, na anayekwenda kukata ndizi hupita karibu na wazee wake kila siku. Vigingi vyekundu vilikuwa vimechomekwa hatua mbili kutoka kwenye msalaba wa saruji. Kikao kikaitishwa palepale shambani. Asubuhi hiyo tukaambiwa mkalimani wa kampuni amelazwa, ana malaria. Baba akanigeukia mbele ya watu wote.

"Nilikupeleka shule ili iweje?"

Sikuweza kumjibu kwamba mwalimu wangu amenikataza. Nikaomba ruhusa ya kurekodi, pande zote mbili zikakubali, nikaweka simu juu ya kiti cha plastiki na kusimama katikati.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, macho mekundu kwa vumbi. Hakusalimu. Alisema, "Waambie nina siku mbili. Baada ya hapo katapila linapita, kuwe na kaburi, kusiwe na kaburi."

Nyuma ya baba walisimama binamu zangu wanne, wametoka kukata ndizi, mapanga mkononi. Mapanga yalikuwa ya kazi, lakini hakuna aliyekuwa ameweka lake chini. Nikasema kwa Kihaya, "Anasema muda umembana. Anaomba tulimalize jambo hili ndani ya siku mbili."

Baba alimtazama yule mtu juu mpaka chini. "Muulize, yeye alizaliwa na watu au aliokotwa?"

Binamu mmoja akacheka kwa nguvu. Msimamizi akaniangalia, anangoja. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwa Kichina, kwa adabu kabisa, "Mzee anauliza, wazee wako wewe wamezikwa wapi?"

Alivua kofia yake ngumu, akaishika kifuani.

"Sijui," alisema.

Kisha akaeleza. Alikuwa mtoto wa miaka kumi walipokuja kujenga bwawa kijijini kwao. Makaburi yote ya bonde lile yalihamishwa kwa siku moja, na baba yake alikuwa kazini mbali. Hakuna aliyeandika babu yao amelazwa mlima gani. Kila mwaka, siku ya kufagia makaburi ikifika, wenzake hupanda milimani na yeye huchoma karatasi zake za sadaka njia panda.

Hayo niliyafasiri neno kwa neno, maana niliogopa kuongeza hata silabi. Nilipomaliza, baba alivuta kiti na kukaa. Binamu zangu wakaweka mapanga chini bila kuambiwa.

Mtaro haukuhamishwa, kwa kuwa ramani ilikwisha kupitishwa na msimamizi hakuwa na mamlaka nayo. Lakini alitupa wiki nzima badala ya siku mbili. Siku ya kumhamisha babu alizima mashine zote, na mchungaji alipomaliza sala, msimamizi alikuja na futi ya kupimia. Alitaka baba aandike kwenye daftari: mita kumi na tisa kutoka mlango wa jikoni, upande wa mibuni. Hakuondoka mpaka alipoona imeandikwa.

Kijiji kizima kilinisifu. Shangazi yangu wa Rwamishenye, mjini, ambaye kwake nilipanga chumba cha kufanyia kazi, alimsimulia kila jirani jinsi nilivyozuia ugomvi. Nami nilikuwa nimefunga mlango, vipokea sauti masikioni, nikinukuu rekodi ile mstari kwa mstari. Sentensi ya kwanza ya msimamizi, na chini yake tafsiri yangu. Sentensi ya baba, na chini yake tafsiri yangu. Hazikufanana hata kidogo. Mimi niliyesafiri kuwachunguza wakalimani nilikuwa nimefanya kosa kubwa kuliko wote niliowarekodi.

Nilifikiria kuikata ile rekodi ianzie pale msimamizi alipovua kofia. Siku mbili nilizunguka na wazo hilo, sili vizuri. Siku ya tatu nikamtumia mwalimu yote.

Alinipigia simu ya video kabla ya saa sita mchana. "Uliyoandika hapa ni maneno yaliyopotea njiani?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Niliyabadilisha mimi."

"Basi una njia mbili. Utoe kikao chote, au ukiweke chote, na wewe ukiwemo. Ukikiweka, waliozungumza wasome kwanza."

"Wakikataa?"

"Sura hiyo haipo." Na bila sura hiyo sikuwa na tasnifu, hilo tulilijua wote wawili.

Nilianza na baba. Nilimsomea barazani. Alinitaka nirudie sentensi ya kwanza.

"Kwa hiyo yeye alisema katapila lipite juu ya baba yangu?"

"Ndiyo, Tata."

"Na mimi swali langu halikumfikia?"

"Halikumfikia."

Alikohoa. "Tulikuwa wawili wakali, ukatufanya wapole bila kutuuliza." Akaichukua kalamu na kusaini, halafu siku tatu hakunisemesha.

Msimamizi nilimfuata kambini kwao, upande wa Muleba. Alisoma nakala yangu ya Kichina akiwa amesimama, kidole kikifuata herufi zangu. Kilipofika kwenye neno "aliokotwa" kikasimama. Nje lori lilikuwa likimwaga kokoto, na kelele ilipokatika bado alikuwa kwenye mstari uleule.

"Alikuwa na hasira kweli?" aliuliza.

"Sana."

"Ningekuwa yeye, ningesema mabaya zaidi." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Lakini yale ya babu yangu sijawahi kumwambia mtu hapa. Nilimjibu mzee aliyeniuliza kwa upole. Sasa unaniambia mzee huyo hakuwepo."

Kwa Kichina nilijua njia nyingi za kuomba radhi, na kila niliyoigusa ilionekana ndogo. Nikainamisha kichwa tu.

Alikaa na karatasi zangu siku tano. Siku ya sita dereva wa kampuni alizileta Rwamishenye ndani ya bahasha, zimesainiwa kila ukurasa, hakuna barua.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliniuliza kama ningesimama tena pale shambani ningefasiri vilevile. Nikasema sijui. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, na sikuambiwa ni nini. Nilifaulu, kwa alama za kawaida.