Hazina Nyuma ya Jiko

Cheka ukitaka, lakini mimi sijacheka tangu siku ile.

Mimi ni bwana shamba, nimehamishiwa Ujiji kutoka Njombe. Kila jioni nilikuwa naganda mbele ya tamthilia ya mwanaakiolojia anayesaka hazina. Nikaanza hata kutembea kama yeye. Kofia nayo nikanunua.

Sasa Bi Mwajuma, mwenye nyumba wangu, alikuwa na tabia moja. Kila Ijumaa alimwagia maji kipande kidogo cha ardhi nyuma ya jiko, penye mche wa mrehani katikati, jiwe huku na jiwe huku. Nikajiuliza, maji yote hayo kwa mche mmoja? Mji huu ulipitiwa na misafara ya pembe za ndovu. Hapo pana kitu.

Alipokwenda msibani Kasingirima, nikavaa kofia yangu nikachimba. Udongo nikaufagia kwa brashi ya viatu, kama kwenye runinga. Vikatokea vibao vifupi, vimepangwa vizuri. "Sanduku!" nikapayuka peke yangu, mpumbavu mimi. Nikainua kimoja. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichofungwa ncha zote mbili, hakizidi urefu wa mkono wangu.

Hata mimi naijua sanda.

Nilipogeuka, Bi Mwajuma alikuwa amesimama nyuma yangu, kanga ya msiba ikiwa bado kichwani. Hakupiga kelele.

"Bwana Shamba," akasema, "mfunike mwanangu. Jua linampiga."