Nusu ya Juu ya Ukuta

Kwa miaka tisa fundi rangi mmoja alipaka nusu ya chini tu ya kila ukuta. Ya juu alimwachia shemeji yake, maana ngazi zilishamvunjikia mara mbili kwa unene wake. Leo, miezi kumi tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo hospitalini, kilo hamsini na mbili zimekwenda zake. Akapanda ngazi hadi juu bila hata kuhema, ndani ya darasa walilolipaka mwaka juzi, akang'aka:

“Shemeji! Ulipaka nini huku? Mbona viraka vitupu?”

Shemeji, aliyeishika ngazi kwa mikono miwili, akashusha pumzi ndefu.

“Nilikuwa nafumba macho, shem. Mwenzio naogopa kupanda juu tangu utotoni.”