Mama Pazia na Paka Aliyehama Choo

Nilimjua kwenye wodi ya wanawake, mwaka mama yangu alipovunjika mfupa wa nyonga. Mama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyezoea kuamrisha, na siku nzima ya kwanza alikataa kutumia chombo cha haja alichowekewa kitandani. Wauguzi walimbembeleza, mmoja akamkaripia, mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema huyu bibi ana kiburi. Jioni zamu ilipobadilika akaja mhudumu mfupi, mnene kidogo, mwenye raba zisizo na sauti. Hakuuliza kitu. Alitupungia mkono tusogee, akavuta pazia la magurudumu mpaka likakizunguka kitanda chote, akafungua bomba la sinki maji yatiririke, kisha akasimama nje, ameligeuzia pazia mgongo, akaimba chini chini. Baada ya dakika chache mama alimwita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeshukuru.

Wodi nzima ilimwita Mama Pazia. Alifanya kazi ile miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumwona akimpa mgonjwa chombo kabla ya kumsitiri.

Miaka ikapita, mama akapona, akaja kufa kwa ugonjwa mwingine. Siku moja nikafungua mlango wangu, ghorofa ya pili, nikamkuta Mama Pazia kwenye korido na sanduku moja la nguo na kikapu ambacho ndani yake kulichomoza kichwa cha paka. Alikuwa amestaafu. Mumewe alishafariki, na binti yake wa pekee, anayefanya kazi dirishani posta, alikuwa amemchukua aje kuishi naye mlango unaotazamana na wangu. Paka alikuwa wa hospitali. Alikaa miaka tisa kwenye stoo ya mashuka akifukuza panya, hadi meno yake yote ya mbele yakaisha, ndiyo maana akaitwa Kibogoyo. Mama Pazia alipenda kusema kwamba walistaafu siku moja, tofauti ni kwamba Kibogoyo hakupewa cheti.

Kitu cha kwanza alichofanya katika nyumba ile kilikuwa choo cha paka. Alijaza mchanga kwenye beseni pana, akaliweka pembeni mwa korido yao chini ya kimeza cha zamani, kisha akakishonea kimeza pazia la kitambaa cha buluu. Nilipomcheka alisema kila mtu anahitaji sitara. Kibogoyo akawa anaingia na kutoka kwenye hilo pazia kama mzee anayekwenda kunawa, na kwa miezi mitatu hakuna aliyemfikiria.

Mambo yaliharibika mwezi ambao mjukuu, mtoto wa kike wa miezi tisa, alijifunza kutambaa. Kibogoyo akaacha beseni. Alianza na zulia la sebuleni, akaja katikati ya korido, kisha akarudi zuliani. Mkwe wake Mama Pazia ni mwalimu wa udereva, kijana mpole mwenye utani wa kazi yake. Asubuhi ya kwanza alitazama lile doa akasema, "Mama, huyu mzee wako amepoteza leseni." Tulicheka wote. Siku Kibogoyo alipokojoa katikati ya kitanda cha wenye nyumba, hakuna aliyecheka.

Ushauri ukamiminika. Mimi nilisema anyunyize pilipili, na leo naona aibu kulikumbuka hilo. Jirani wa chini alipanda ngazi makusudi kuja kutueleza kwamba paka wana kinyongo: ameona mapenzi yamehamia kwa mtoto, sasa anawakomoa. Mama Pazia alikuwa amepiga magoti anafuta sakafu. Aliinua kichwa.

"Hakuna anayejikojolea kwa kukomoa, mwanangu," alimwambia. "Nimefuta mikojo ya watu tangu hujazaliwa. Sijamwona hata mmoja."

Hakusema kwa hasira, lakini jirani alishuka ngazi bila kuaga.

Jumapili jioni mkwe alimfuata Mama Pazia jikoni. Binti ndiye aliyenisimulia. Mkwe alisimama mlangoni akitazama miguu yake, akasema kwamba mtoto anatambaa, anatia mikono mdomoni, na yeye hana raha tena. Amempata mtu mwenye ghala la nafaka nje ya mji anayetafuta paka. Jumamosi atampeleka. Mama Pazia alijibu, "Sawa, baba," akaendelea kuosha vikombe. Kilichomuumiza binti ni hilo sawa. Alipomaliza kunisimulia, binti akajaribu kucheka: "Yule ghalani, na ufizi mtupu? Panya watamtuma dukani."

Sikucheka sana. Nilijua kwamba katika miaka thelathini na moja ya kazi ile, ya vitanda na majina yaliyosahauliwa, kilichotoka na Mama Pazia kikiwa hai ni kile kinyama kilicholalia miguu yake kila jioni akisikiliza redio.

Hakumwomba mkwe wala hakumlilia binti. Alichukua daftari la shule akalichora mistari: saa, mahali, kiasi, rangi. Kila doa aliliandika kabla ya kulifuta, kama alivyoandika mikojo ya wagonjwa. Jumatatu alivuta mkojo kidogo kutoka kwenye vigae vya korido kwa bomba la sindano, akatia kwenye chupa safi, akabandika karatasi yenye jina la mgonjwa, umri na saa, akambeba Kibogoyo kikapuni kwenda kwa daktari wa mifugo. Daktari alicheka aliposoma ile karatasi. Alipofunguliwa daftari aliacha kucheka, akasoma kurasa zote. Alimpima, akamminya tumbo, akasema mkojo ni safi, paka mzima, ila ni mzee. Shida itafutwe nyumbani.

Jumanne alisugua beseni kwa sabuni isiyo na harufu. Jumatano akabadilisha mchanga, akaweka laini zaidi. Alibadilisha kitu kimoja kimoja, ili dawa ikifanya kazi ajue ni ipi. Kibogoyo alisogelea pazia la buluu, akanyoosha shingo, akageuza njia.

Alhamisi alasiri nilikuwa nimekaa kwao baada ya kazi. Zulia lilishakunjwa na kuwekwa kando. Mama Pazia alipitisha kidole kwenye safu ya mahali, akapitisha tena, akasema hizi sehemu zina undugu lakini hajui ni wa upande gani. Kisha akavua miwani, akajishika kiuno, akalala chini kwenye saruji, shavu sakafuni, pale pale palipokuwa na doa la kwanza.

Wakati huohuo mkwe akaingia kuchukua funguo alizosahau. Akamkuta mama mkwe amelala ubavu katikati ya sebule. Alisimama kama aliyekanyaga breki, akamwamkia kwa adabu, naye akaitikia kwa adabu bila kuinuka. Akachukua funguo, akatoka kinyumenyume, huku akiniuliza kwa macho kama amwite daktari.

"Hapa naona mlango wa mbele," Mama Pazia alisema kutoka chini. "Naona wa jikoni. Naona korido hadi mwisho. Hakuna anayeweza kunijia nisimwone."

Akajikokota hadi doa la kwenye korido, akalala tena. Ikawa hivyo hivyo. Tukakiwaza kitanda: kiko juu, kiko wazi pande zote, kinatazama mlango.

"Hatafuti pa kujificha," alisema polepole. "Anatafuta pa kuonea."

Mtoto alikuwa pembeni anatafuna kijiko. Akakiachia, akatambaa kumpita bibi yake, moja kwa moja hadi kwenye kimeza. Akalishika pazia la buluu, akalifunua, akaingiza kichwa, akacheka. Akasubiri. Kisha akageuka kutafuta, akamwona Kibogoyo juu ya kochi. Kibogoyo alilaza masikio, akajibana kwenye mto.

Hatukuhitaji kuelezwa. Mzee amechuchumaa nyuma ya kitambaa, haoni kitu, na mara mkono mdogo unamkamata mkia. Ule ulikuwa mchezo wa mtoto, tena wa siku nyingi.

Nilitarajia Mama Pazia afurahi. Alijiinua akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akalitazama pazia kwa muda mrefu.

"Miaka thelathini na moja nimevuta pazia," alisema. "Sikumwuliza hata mmoja kama analitaka."

Nikamwambia habari za mama yangu, jinsi alivyomsifu mpaka mwisho.

"Mama yako alilitaka. Lakini alikuwepo mmoja, kitanda cha mwisho, alikuwa analia kila nikilivuta. Nikadhani ni maumivu. Huenda alitaka tu auone mlango."

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Kukiri kosa katika kazi uliyoifanya vibaya si kugumu sana, maana unalijua tangu mwanzo. Kulikuta ndani ya kile ulichosifiwa, kile kilichokupa hata jina, ni kitu kingine. Mimi ningebishana kwanza. Yeye alishika ukingo wa kimeza, akasimama, akaomba wembe, akakata uzi wa pazia.

Beseni alilihamishia chumbani kwake, akaliweka wazi katikati ya sakafu, mbele ya kitanda, hata yeye ikabidi apite kwa kulizunguka. Mlangoni akakingamisha ubao wa kimo cha goti: mtoto hawezi kuupanda, paka anauruka. Yeye mwenyewe, na miaka yake sitini na miwili, alikuwa anauvuka kwa kushika fremu na kuinua mguu mmoja baada ya mwingine. Binti alilalamika: mama, utalalaje na choo? Akamjibu kwamba amefanya zamu na vyoo arobaini kwa pamoja, kimoja hakitamshinda.

Ijumaa alfajiri Kibogoyo aliruka ubao, akanusa mchanga, akatoka, akaenda kukojoa mbele ya mlango mkubwa. Mama Pazia aliandika, akafuta. Wengine walikuwa bado wamelala.

Jumamosi asubuhi nilivuka korido. Niliwaambia nimefuata faneli yangu ya kumiminia mafuta niliyowaazima, lakini nilikwenda kumuaga paka. Mkwe alikuwa sebuleni na boksi la katoni alilolitoboa matundu kwa bisibisi. Mkewe alishamweleza habari za pazia, na usoni alionekana kama mtu anayetafuta sababu ya kulitua lile boksi. Ilitosha mtu mmoja amwambie paka amepona.

Mama Pazia alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Baba, kosa lilikuwa langu, si la paka," alisema. "Nilimfungia pazia, mtoto akawa anamvizia humo. Nimeliondoa. Lakini jana alfajiri amekosea tena, pale mlangoni. Nilifuta kabla hamjaamka. Siwezi kukwambia amepona. Umemwahidi mtu, na mtoto ni wako. Mchukue."

Nilitaka kumvuta mkono. Doa lile lilijulikana kwake na kwa daftari lake tu. Binti aligeukia dirisha.

Mkwe akauliza paka yuko wapi. Chumbani, akaambiwa. Akaenda na boksi lake, akainua mguu kuuvuka ubao, na mguu ukabaki hapo hapo juu. Tulisikia mchanga ukikwaruzwa.

Kibogoyo alikuwa katikati ya chumba, amechuchumaa kwenye beseni, anamtazama mwalimu wa udereva usoni. Mwalimu akainamisha macho. Ilichukua muda, kama ilivyo kwa wazee, na muda wote huo watu wazima wanne tulisimama kimya tukimsikiliza paka akikojoa. Alipomaliza akafukia kwa uangalifu, upande huu, upande ule, akarudi kufukia tena, akapanda kitandani.

Mkwe alishusha mguu upande wetu.

"Mama, ameniona na hakukimbia," alisema kwa sauti ya chini.

"Amekuona, ndiyo maana hakukimbia."

Akatoa simu, akampigia mtu wa ghala, akamwomba radhi kwamba paka hatapatikana. Mama Pazia hakupiga vigelegele. Alisema mara moja si kupona, ataendelea kuandika kwa wiki mbili, na likitokea doa jingine atamwambia mwenyewe. Kisha akavuta kiti mezani na kumuuliza mkwe wake kama ameshakunywa chai, asije akaendelea kusimama pale na boksi tupu mkononi kama mtu aliyeshindwa.